Kabla hujapanda Orvieto

Wageni wengi hushuka Orvieto kwa saa mbili tu, wakiwa njiani kati ya Roma na Firenze. Wanapiga picha mbele ya kanisa kuu, wanaondoka. Ukiweza, panga kulala hata usiku mmoja, kwa sababu mji huu mdogo wa mkoa wa Umbria, Italia ya kati, una mengi chini ya ardhi kama ulivyo nayo juu.

Umekaa juu ya mwamba wa volkano, jiwe laini linalochimbika kirahisi. Waetruski, watu wa kale wa Italia waliouita mji huu Velzna, walianza kuchimba visima humo, na hata baada ya Warumi kuuteka mwaka 264 KK, vizazi vilivyofuata viliendelea: maghala, mashinikizo ya zeituni, vyumba vyenye vishimo ukutani vya kufugia njiwa wa kuliwa. Ziara ya mapangoni huongozwa na mwenyeji kwa saa maalumu, kwa hiyo ulizia ratiba mapema. Beba sweta hata kama ni Julai.

Kwenye mwamba wa namna hiyo shida kubwa ni maji. Mwaka 1527, majeshi ya Karoli V, Kaisari wa Dola Takatifu la Roma, yalipoipora Roma, Papa Klementi VII alikimbilia hapa. Akihofia mji usije ukazingirwa na kufa kwa kiu, alimwagiza msanifu majengo Antonio da Sangallo Mdogo achimbe kisima. Ndicho Pozzo di San Patrizio, yaani Kisima cha Mtakatifu Patrisi, chenye kina cha zaidi ya mita 50, kilichokamilika mwaka 1537 papa huyo akiwa ameshafariki. Kina njia mbili za ngazi zinazozunguka bila kukutana, ili nyumbu washuke kwa moja na kupandisha maji kwa nyingine. Kila njia ina ngazi 248. Mwenye magoti yanayouma alipime hilo kabla ya kukata tiketi, kwani kupanda tena hakukwepeki.

Kanisa kuu, lililoanza kujengwa mwaka 1290, liendee alasiri jua linapoangukia mozaiki za mbele. Mabega na magoti yafunikwe. Ndani, kapela ya San Brizio ina michoro ya Luca Signorelli kuhusu mwisho wa dunia. Soma kwanza habari za Mpinga Kristo na ufufuko wa wafu, la sivyo utaona msongamano wa miili tu. Kwa Mkatoliki kuna zaidi: ni kutoka Orvieto, mwaka 1264, Papa Urbano IV alipoliagiza Kanisa zima liadhimishe sikukuu ya Ekaristi, ile ile ya maandamano ya parokiani kwetu.

Viza ya Schengen iombe mapema. Kutoka Roma panda treni ya kawaida, maana nyingi za mwendokasi hazisimami hapo. Kituo kiko bondeni. Gari la kamba, linalovutwa juu ya reli, hukupandisha hadi Piazza Cahen. Kisima kiko hatua chache kutoka hapo, basi anza nacho miguu ikiwa bado na nguvu.