Namna ya kuuliza swali linalomfanya mwanafunzi afikiri

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia mwalimu mgeni wa Sayansi hapa Kigoma, ambaye wanafunzi wake walikariri kila fasili ya mwanga, lakini walipoulizwa sababu ya jambo lolote walinyamaza.

Hatua ya 1: Andika swali kwenye andalio la somo, nalo litokane na jambo ambalo watoto wanalijua. Mimi hutumia hili: "Kwa nini wavuvi wa dagaa hupumzika mwezi unapokuwa mpevu?" Watoto wa Ujiji na Kibirizi wanaijua desturi hiyo tangu utotoni, ila ni wachache waliowahi kuulizwa inahusiana vipi na karabai, taa zinazowavutia dagaa usiku.

Hatua ya 2: Uliza, kisha nyamaza. Hapa ndipo walimu wengi hushindwa. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba kwa kawaida mwalimu husubiri takriban sekunde moja tu, na kwamba akisubiri tatu au zaidi, majibu hurefuka na hata wanaodhaniwa wazito huanza kuchangia. Hesabu kimoyomoyo, saa ya simu siipendekezi, kwa kuwa huvuta macho ya darasa zima. Usilirudie swali kwa maneno mengine, maana utawalazimisha waanze kufikiri upya, na usiruhusu kelele za "Mimi, mwalimu!" Subiri pia baada ya jibu la kwanza: ukisema "vizuri sana" papo hapo, wengine wote huacha kufikiri. Hata hivyo, kwa swali la kumbukumbu tupu, kama vile jina la mto, kusubiri hakuongezi chochote.

Hatua ya 3: Wajadiliane wawili wawili, au watatu kama dawati limejaa. Utaratibu huu ulipendekezwa na Frank Lyman mwaka 1981, nami nauona bora kuliko makundi ya wanane, ambamo wawili husema na sita hunakili.

Hatua ya 4: Andika majibu yote ubaoni bila kuyasahihisha, kisha muulize kila mwenye jibu, "Umejuaje?" Wakishafikia hoja kwamba mbalamwezi huangaza ziwa lote na taa hupoteza mvuto wake, waulize itakuwaje mwezi huohuo ukifunikwa na mawingu, na waende nalo nyumbani wakawaulize wavuvi.