Namna ya kupiga kambi wawili kando ya Ziwa Victoria, kutoka Mwanza hadi Ukerewe

Wanandoa wengi wa Australia huzunguka vijijini kwa miezi kadhaa wakivuta karavani yenye kitanda na jiko ndani yake. Kwa mume na mke wa Mwanza wanaotaka kwenda Ukerewe kwa kupitia Magu, Lamadi na Bunda, chombo hicho hakihitajiki, wala si rahisi kukipitisha katika njia nyembamba zinazoshuka mialoni, yaani mahali wavuvi wanapoegesha mitumbwi na kushusha samaki. Gari kama Noah, lenye nafasi ya mizigo nyuma, pamoja na hema la watu watatu vinatosha; hema linalouzwa kuwa la watu wawili huwabana wawili hao pindi wanapoingiza mabegi. Safari hii huamuliwa zaidi na mahali mnapolala na saa mnayofika hapo.

Chagueni miezi ya Juni hadi Septemba, kabla ya vuli, na pangeni kufika kambini saa kumi alasiri, kwa kuwa jua huzama karibu na saa moja. Australia wasafiri huepuka kuendesha gari wakati wa magharibi na usiku kwa kuhofia kugonga kangaruu. Barabara ya Mwanza kwenda Musoma ina ng'ombe na baiskeli zisizo na taa, na karibu na lango la Ndabaka, ambako Hifadhi ya Serengeti inakaribia ziwa, wanyamapori nao huenda wakavuka.

Kabla ya kushusha mzigo wowote, nendeni kwa mwenyekiti au mtendaji wa kijiji mkiwa na vitambulisho, msalimie, mseme mtalala siku ngapi na mtaondoka lini. Kama mnataka kulala karibu na mwalo, waoneni pia viongozi wa BMU (Beach Management Unit), kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi hapo. Heshima hii ina faida ya moja kwa moja, kwani wao ndio wanaojua mamba alionekana wapi na ni upande upi una vurugu za usiku. Waulizeni pia kuhusu dagaa: usiku usio na mbalamwezi wavuvi hutoka na taa, hurudi alfajiri, na mchanga mnaouona mtupu jioni huenda ukawa ndio uwanja wao wa kuanikia.

Hema lisikaribie maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na ingawa hema si la kudumu, umbali huo ni kipimo kizuri cha kuanzia. Viboko hutoka majini usiku kwenda kula majani na hurudia njia zilezile. Kwa hiyo mkiona nyasi zilizokatwa chini kabisa, nyayo pana au kinyesi kilichotawanywa, hameni, hata kama mandhari yanavutia. Kamwe msisimame kati ya kiboko na maji. Mawe makubwa ya eneo hili hukinga upepo vizuri, lakini mulikeni kwanza nyufa zake kwa tochi, maana nyoka hupenda kujificha humo.

Upepo nao una utaratibu wake. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hivyo upepo huvuma kutoka ziwani. Usiku mwelekeo hugeuka. Mlango wa hema ukitazama pembeni, sambamba na ufuko, hautapigwa na upepo wowote kati ya hizo mbili. Kazeni kamba zote hata kama jioni ni shwari, kwa sababu dhoruba za ziwa hili hujengeka usiku wa manane na kufika kabla ya mapambazuko.

Maji ya ziwa yasiyo na mawimbi, yenye magugu, ndiyo makazi ya konokono wanaoeneza kichocho. Msioge humo wala kuyakanyaga pekupeku. Maji ya kunywa yabebeni kwenye madumu kutoka nyumbani. Ya kuoga yanaweza kuchotwa, yakachujwa na kuchemshwa, au yakaachwa siku mbili ndani ya dumu lililofunikwa, kwani vimelea hufa vikikosa mwili wa kuingia. Chandarua chenye dawa ni lazima, hata kama hema lina wavu.

Mtungi wa gesi wa kilo 6 unatosha kabisa, pikieni nje. Jiko la mkaa lisiingizwe hemani hata mvua ikinyesha, kwa kuwa hewa yake ya sumu haina harufu na huua watu wakiwa usingizini. Nashauri mmoja awe na kauli ya mwisho kuhusu mahali pa hema, mwingine kuhusu chakula. Mabishano ya magharibi, tumbo likiwa tupu, huchosha kuliko barabara.

Kivuko cha kutoka Kisorya, upande wa bara, kwenda Rugezi, kisiwani Ukerewe, kinahitaji subira. Ulizeni mapema saa ya safari ya mwisho, shukeni garini kabla ya kuondoka, na mkiona watu wamezidi, subirini safari inayofuata: MV Nyerere, iliyozama karibu na Ukara Septemba 20, 2018, ilikuwa imebeba abiria kupita uwezo wake. Siku ya kurudi, hema likiwa bado na umande, lianikeni juu ya gari wakati mnasubiri foleni ya Rugezi, kisha tena mkifika nyumbani, la sivyo litaota ukungu.