Jinsi ya Kuomba Insulini kwa Bima Mtwara na Lindi, na Nani Analipa Nini

Anayechoma insulini hana nafasi ya kusubiri dawa ifike wiki ijayo. Kwa mwenye kisukari aina ya kwanza, siku chache bila dozi zinatosha kumlaza wodini. Ndiyo maana inaniuma nikiona mtu mwenye kadi hai ya bima akivunja akiba ya korosho kununua dawa ambayo bima yake ingeilipia, kwa sababu tu hakujua aombe karatasi gani.

Kabla hujatoka nyumbani, beba kadi ya bima, kitambulisho cha NIDA, daftari la kliniki na chupa ya insulini unayotumia, hata kama ni tupu. Insulini ya mchanganyiko ya 30/70 si sawa na ile inayofanya kazi haraka, na chupa yenyewe inamaliza ubishi wote.

Kisha hakikisha unakwenda kituo sahihi. Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu inapanga dawa kwa ngazi za vituo, kwa herufi A, B, C, D na S. Dawa ya ngazi ya juu ikiandikwa zahanati, bima inaweza kukataa kuilipa. Mwenye CHF iliyoboreshwa (bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii) awe makini zaidi, kwa sababu anapaswa kupanda ngazi kwa barua ya rufaa: zahanati au kituo cha afya, hospitali ya wilaya, halafu ya mkoa. Ukitoka Newala au Tandahimba ukaja moja kwa moja Ligula, hospitali ya mkoa wa Mtwara, bila barua hiyo, au ukatoka Nachingwea hadi Sokoine, hospitali ya mkoa wa Lindi, jiandae kuhudumiwa kama mtu asiye na bima.

Ukifika, kituo cha kwanza ni dirisha la bima, kwa ajili ya uhakiki. Hapo ndipo kadi hugoma, mara nyingi kwa sababu michango haijafika. Kwa mwajiriwa wa sekta rasmi mchango wa NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya) ni asilimia 6 ya mshahara, nusu yake ikitolewa na mwajiri. Kadi ikigoma usiondoke. Piga 199 bila malipo ukiwa hapo hapo dirishani, au nenda ofisi ya NHIF ya mkoa, ambayo ipo Mtwara na Lindi pia.

Chumbani kwa daktari ndipo pesa nyingi hupotea kimyakimya, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Chupa ya kawaida ya insulini ina mililita 10, na kila mililita ina yuniti 100. Jumla ni yuniti 1,000. Mgonjwa anayechoma yuniti 24 asubuhi na 16 jioni anatumia 40 kwa siku, yaani 1,200 kwa siku 30. Chupa moja itamwishia siku ya 25. Akiandikiwa chupa moja ya mwezi mzima, siku tano za mwisho ama atanunua mwenyewe ama atakaa bila dawa, na bima haina kosa: imelipa kilichoandikwa. Kwa hiyo mwombe daktari aandike yuniti za asubuhi, za jioni, idadi ya siku na idadi ya chupa. Mkumbushe na mabomba ya sindano ya insulini, yale yenye alama za yuniti 100, kwa sababu yasipoandikwa hayatatolewa.

Dirisha la dawa lina saini, na saini yako ni fedha. Hospitali hudai malipo NHIF kwa fomu 2A na B, na unaposaini unakiri kwamba umepokea kilichoorodheshwa. Usisaini fomu tupu. Hesabu chupa, soma idadi iliyoandikwa, ndipo uweke jina lako.

Ukiambiwa, "Mama, insulini imeisha," jibu kwa upole: "Sawa mwanangu, basi naomba fomu 2C." Fomu hiyo ndiyo inayokuwezesha kuchukua dawa kwenye duka la dawa lililosajiliwa na Mfuko, bila kutoa fedha. Hakikisha imegongwa mhuri, na uulize duka lipi kabla ya kupanda bodaboda. Ukitangulia kununua kwa fedha yako, usitegemee kurudishiwa.

Ndani ya kitita cha mafao, yaani orodha ya huduma na dawa ambazo bima inalipia, mwanachama wa NHIF haongezi kitu. Nje ya kitita, gharama ni yake. Kitita kipya kilianza kutumika tarehe 1 Machi 2024, hivyo usitegemee ulivyohudumiwa zamani. Uliza upya kuhusu kalamu za insulini na aina za kisasa. Vijiti vya kupimia sukari nyumbani wengi wanajinunulia, viwekee bajeti. Kwa sindano za gharama kubwa, kama baadhi ya zile za saratani, daktari huomba kibali maalumu NHIF kwanza. Subiri kibali ndipo uanze dozi.

Kwa mkulima, CHF iliyoboreshwa ilikuwa Sh 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu hadi sita, na wakati mzuri wa kuilipa ni msimu wa minada ya korosho, fedha ikiwa bado mkononi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa Novemba 2023 na mambo yanabadilika, hivyo thibitisha kiwango kwa afisa mwandikishaji kwanza.

Asiye na bima hulipa hospitali ya serikali kwa kontrol namba, na lazima apate risiti. Asiye na uwezo aanze kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, achukue barua, aipeleke kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa hospitali kabla ya kumwona daktari. Mzee wa miaka 60 na zaidi asiyejiweza ana haki ya matibabu bila malipo kwa sera ya nchi. Aende na kitambulisho chake cha mzee.

Ukishapata chupa, andika kwenye lebo tarehe uliyoifungua. Aina nyingi hazipaswi kutumika zaidi ya wiki nne baada ya kufunguliwa, na joto la pwani yetu linaiharibu mapema zaidi. Ikibaki dawa ya wiki moja, rudi kliniki.