Kiota cha jasi cha kufugia sisimizi

Finyanga udongo uwe vyumba vitatu vya kimo cha sentimita 1, viunganishwe kwa vijia vyembamba. Vibandike ndani ya kikopo, mimina uji wa jasi (unga wa plasta uliokorogwa kwa maji) juu yake. Ikishaganda, itoe, igeuze, kwangua udongo wote, kisha iache ikauke siku kadhaa kabla ya kuifunika kwa kioo.

Pembeni chimba kisima kisichofika vyumbani. Maji yatiwe humo tu, jasi iyanyonye polepole; upande mmoja uwe na unyevu, mwingine mkavu. Sisimizi watachagua wenyewe pa kulelea mabuu.

Usiharakishe kuwahamisha. Niliwahi kumhamisha malkia akiwa na vibarua (sisimizi wafanyakazi) watano tu: chumba cha mbali wakakifanya jalala, ukungu ukaota. Iliniuma sana. Sasa nasubiri wafike 20 au zaidi.