Jinsi ya Kufuatilia Historia ya Meli ya Askari Ukiwa Nairobi: Mfano wa Khedive Ismail

Katika familia nyingi za Afrika Mashariki, habari ya babu aliyepandia meli Kilindini wakati wa Vita Kuu ya Pili imebaki ni neno moja tu: alizama. Neno hilo linatosha kuanzia uchunguzi, lakini nashauri uitafute meli kabla ya kumtafuta mtu. Jina la askari liliandikwa na karani jinsi alivyolisikia, na huenda tahajia yake isifanane kabisa na ile ya nyumbani, ilhali safari za meli ziliandikwa bandari kwa bandari.

Anza na tarehe. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya bure kwenye intaneti inayokuruhusu kutafuta kwa siku ya kifo bila kuandika jina lolote. Weka tarehe 12 Februari 1944, siku ilipozamishwa meli ya askari Khedive Ismail, kisha uchague Ukumbusho wa Afrika Mashariki, ulioko ndani ya Makaburi ya Vita ya Nairobi, Ngong Road. Utaona majina mengi ya wanajeshi wa mizinga, wote wa siku hiyo moja. Vifo vingi vya kikosi kimoja katika siku moja, tena bila makaburi, ndiyo dalili ya meli iliyozama.

Hatua ya pili, ambayo wengi huiruka, ni kuyajua majina yote ya meli hiyo. Khedive Ismail iliundwa Scotland mwaka 1922 kwa ajili ya kampuni ya Chile, ikaitwa Aconcagua. Mwaka 1935 ikauzwa kwa kampuni ya Misri na kupewa jina lililojulikana vitani. Mwaka 1940 ikachukuliwa na serikali ya Uingereza kusafirisha askari. Anayetafuta jina la pili peke yake hatapata habari za miaka 13 ya mwanzo. Tafuta pia ukubwa wake wa usajili, takriban tani 7,500, ili usije ukaichanganya na meli nyingine.

Kisha fuata safari zake. Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, iliyoko Kew, London, ina kadi za mienendo ya meli za biashara za wakati wa vita katika fungu la BT 389, na ripoti za misafara katika ADM 199. Humo meli huonekana ikifanya kazi halisi: Aprili 1941, kwa mfano, Khedive Ismail ilipelekwa Nauplia, Ugiriki, kuwaondoa wanajeshi, lakini haikupata nafasi ya kuwapakia, na siku iliyofuata Slamat, meli iliyokuwa nayo huko, ikazamishwa.

Safari ya mwisho itadai muda wako mwingi zaidi. Mapema Februari 1944 msafara KR 8 uliondoka Kilindini kuelekea Colombo, ukiwa na meli tano za askari zikilindwa na manowari Hawkins, Petard na Paladin. Ndani ya Khedive Ismail kulikuwa na askari wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki, mabaharia, wauguzi na wanawake wengine wa jeshi. Kusini mwa Maldivi, nyambizi ya Japani I-27 iliipiga kwa topido mbili, ikazama kwa muda wa dakika chache tu. Kati ya watu 1,511 walifariki 1,297, wakiwemo wanawake 77. Petard ililazimika kutupa mabomu ya kina, yanayolipuka chini ya maji, dhidi ya nyambizi ilhali manusura walikuwa bado wanaelea majini. Hapo usisome ripoti kwa haraka, wala usisome moja tu, maana maelezo ya nahodha na ya aliyekuwa majini ni mambo mawili.

Kwa upande wa Nairobi, nenda Nyumba ya Kumbukumbu za Taifa, Moi Avenue, ujisajili, kisha uombe mafaili ya utawala wa wilaya alikotoka askari, ukiangalia barua za fidia na za kuwaarifu jamaa. Kila unachonakili, andika pembeni namba ya faili na tarehe. Ukiulizwa na mzee wa ukoo umejuaje, mfungulie daftari na umwonyeshe mstari wenyewe: Kilindini, KR 8, Kikosi cha 301, 12 Februari 1944, kisha jina la babu kama karani alivyoliandika, na chini yake kama mama yake alivyomwita.