Kabla hujaita fundi afungue haidroliki ya trekta msimu wa baridi, soma hii

Hii nawaandikia wenye trekta za zamani huku Njombe, Makete, Mufindi na sehemu zote ambako mwezi wa sita mpaka wa nane asubuhi unakuta majani meupe kwa barafu. Nazungumzia zaidi Massey 135 maana ndiyo naijua na bado zipo nyingi mashambani, trekta iliyoanza kutoka kiwandani 1964 na bado inakatua, lakini mengi yanaingia hata kwa ndugu zake.

Malalamiko ni yaleyale kila mwaka. Asubuhi unawasha, injini inanguruma vizuri, unapandisha leva ya haidroliki, yaani ule mfumo wa oili unaonyanyua plau, mikono ya nyuma imelala tu plau haitoki chini. Saa nne jua likishapiga inanyanyua kama hakuna kilichotokea. Mwenye trekta anaogopa, anamwita fundi, fundi anasema pampu imekufa, kifuniko kinafunguliwa, pampu inanunuliwa Makambako au Mbeya kwa hela ya mbolea, halafu kesho yake asubuhi ugonjwa uko palepale.

Sasa shika hili kwanza kabla ya spana yoyote. Ikigoma ikiwa baridi na kukubali ikipata moto, shida mara nyingi ni oili na njia ya kuvutia oili. Ikikubali asubuhi halafu ikaanza kuchoka mchana oili ikishapata moto na kuwa nyepesi, hapo ndio ufikirie pampu iliyolika, oringi ya silinda, valvu na vitu vya namna hiyo. Ni magonjwa mawili tofauti kabisa na fundi asiyekuuliza inagoma saa ngapi usimpe kazi.

Vitu vidogo navipitia haraka. Pima oili kwa kijiti mikono ikiwa imeshuka chini na trekta liko sehemu tambarare. Angalia leva zote mbili pembeni ya kiti, isije ikawa mtoto kazichezea. Kumbuka ukikanyaga klachi mpaka mwisho pampu inasimama, kwa hiyo usikae na mguu kwenye klachi ukashangaa mbona hainyanyui. Na jaribu mikono mitupu bila plau, ikipanda mitupu ikagoma na mzigo umeshapata pa kuanzia.

Oili yenyewe sasa. Massey hii oili ya gia, difu (gia za ekseli ya nyuma) na haidroliki ni moja, pampu imekaa humohumo ndani imezama. Watu wanamimina SAE 90 au 140, oili nzito za gia, kwa sababu ndiyo ipo dukani, wengine wanaweka oili chafu ya injini, wanasema gia ni gia. Kwa gia sawa, ila pampu asubuhi ya baridi inatakiwa kuvuta kitu kizito kama asali kupitia kwenye chujio dogo, itavuta nini? Tafuta oili ya trekta inayotumika gia na haidroliki pamoja, kwenye ndoo utakuta imeandikwa UTTO, na 10W-30 inafaa sana kwa baridi yetu. Ile namba ya mbele yenye W ndiyo ya baridi, ikiwa ndogo oili inatembea vizuri asubuhi. Na kitabu cha trekta yako ukiwa nacho kifuate hicho kuliko mtu wa dukani.

Halafu maji. Maji yanaingia kwenye ile mpira ya leva ya gia ikichanika, trekta linalala nje, mvua inanyesha, au kijana wa kuosha anapiga presha juu ya gia. Na hata bila mvua, mchana jua usiku baridi kali, hewa ya ndani inatoa unyevu. Oili ikiwa na rangi ya maziwa usijiulize mara mbili. Ikiwa haijabadilika sana, asubuhi kabla ya kuwasha legeza kidogo nati ya chini ya kumwagia, maji yanakaa chini yatatangulia yenyewe. Au chukua oili kidogo weka kwenye chupa inayoonyesha ndani iache usiku kucha, maji kama yapo utayaona yamejitenga chini. Ukimwaga fungua nati zote za kumwagia maana haiko moja, na chujio litolewe lioshwe, ukiweka oili mpya juu ya tope la zamani umetupa hela.

Hili linalofuata ndilo linaloniuma na ndilo limenifanya niandike. Asubuhi moja ya Julai, shamba la viazi, dereva na tandiboi wanafunga plau ya diski tatu. Mikono miwili ya chini ilishaingia, imebaki toplinki, ule mkono wa tatu wa juu katikati, na tundu la pini halilingani. Dereva akapandisha leva ili inyanyuke kidogo tu. Kimya. Akaiacha leva juu hivyohivyo, injini inawaka, akashuka kuangalia. Tandiboi akaendelea kupambana na pini, mkono mmoja umeshika toplinki mwingine uko ndani ya fremu. Dereva yuko pembeni anafikicha mikono kwa baridi, wanaongea habari za mbegu. Oili ikawa inapata joto taratibu huko ndani, pampu ikashika, plau ikapanda kwa mara moja bila mtu kugusa kitu. Mkono wa yule kijana ukabanwa kati ya toplinki na fremu, na kwenye kiti hakuna mtu wa kushusha leva. Mpaka dereva anazunguka tairi na kupanda, vidole viwili vilikuwa vimeshaharibika. Kijana alikuwa na glavu za sufi alizofumiwa na mama yake, ile glavu ilikatwa na mkasi hospitali.

Kwa hiyo haidroliki ikigoma, leva inarudi CHINI kwanza, injini inazimwa, ndio mtu anasogea nyuma. Leva iliyoachwa juu ni amri, trekta litaitii likiwa tayari, hata baada ya robo saa. Mwambie dereva wako leo, mwambie na tandiboi, usiseme wanajua.

Kupasha moto nako kuna namna. Washa, silensa ya chini yaani injini izunguke polepole, leva chini, acha ingurume dakika kumi na tano hivi, halafu tembeza trekta taratibu bila mzigo maana gia zikizunguka ndio oili ya nyuma inapata joto. Usidanganywe na mshale wa temperecha, ule unapima maji ya injini, oili ya nyuma bado imelala. Usikanyage mafuta kuilazimisha, ukisikia pampu inalia inavuta hewa na inajiumiza. Na wale wa kuweka jiko la mkaa chini ya difu acheni kabisa, oili inavuja, dizeli inavuja, mnatafuta nini.

Jioni shusha plau chini, funika sehemu ya leva ya gia na turubai, badilisha ile mpira iliyochanika, ni bei ndogo. Usitafute panapovuja paipu ya presha kwa kidole, oili ya presha inatoboa ngozi, tumia kipande cha boksi. Usiingie chini ya plau iliyoninginia kwa haidroliki peke yake, weka gogo. Watoto wakae mbali asubuhi trekta linapopashwa, na nguo ndefu, mitandio na makoti ya baridi yasisogee PTO, ile shafti inayozunguka nyuma ya trekta.