Kuanza kazi ya visukuku vya ndege Nairobi

Anza na mifupa ya ndege wa leo. Omba kujitolea Makumbusho ya Taifa, ujizoeze kutambua mfupa wa juu wa bawa na ule ulio juu ya vidole vya mguu.

Mfupa wa ndege una uwazi ndani na kuta nyembamba mno. Usikimbilie kuuosha: udongo ulionasa ndani ukifura, mfupa hupasuka. Tumia brashi laini na sindano, chini ya darubini. Mfupa ukiwa dhaifu, udondoshee Paraloid B-72 (plastiki ya kuimarisha mifupa), gramu 5 kwa mililita 100 za asetoni. Dawa hiyo ikiwa nzito hubaki juu iking'aa, ndani pakabaki pabovu. Fungua madirisha, zima kila moto.

Kuchimba kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006. Andika tabaka na mahali kabla ya kuinua chochote.